Mimi, Mume Wangu na Mlima wa Ba

Kuna wanandoa wanagombana kwa sababu ya hela, wengine kwa sababu ya meseji za usiku wa manane, wengine kwa sababu ya ndugu wa mume aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi sita. Mimi na mume wangu, mwaka wa sita huu tuko pamoja, ugomvi wetu mkubwa kuliko yote umeletwa na hekalu. Tena hekalu lenyewe wala haliko Dar es Salaam. Liko India, kwenye milima ya Himalaya, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari.

Linaitwa Kedarnath, na kwa sisi Wahindu ni moja ya sehemu takatifu kabisa za Mungu Shiva. Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba naomba likizo ya kwenda huko, mmoja akauliza kama ni fungate ya pili, mwingine akaniagiza viatu. Jamani, hakuna maduka ya maana kule. Kuna baridi, kuna mawe, na kuna kilomita kama 16 za kupanda kwa miguu kutoka mahali panapoitwa Gaurikund, ambako barabara inaishia.

Ili Mtanzania anielewe huwa nasema hivi: chukua Kilimanjaro, njia ya Marangu. Vibanda vya Mandara viko mita 2,720, vya Horombo mita 3,720. Kedarnath iko katikati ya hapo, tena karibu zaidi na Horombo. Sasa mchukue mama wa miaka 68, aliyezaliwa Tanga na kuolewa Dar, ambaye maisha yake yote ameishi kwenye joto na pwani, mwenye presha, umpandishe huko. Huyo ndiye mama mkwe wangu. Nyumbani tunamwita Ba.

Ba hakuota tu usiku mmoja akaamka na wazo hili. Mwaka 2013 yeye na marehemu baba mkwe walikuwa wamepanga kwenda mwezi wa tisa. Tiketi walikuwa hawajakata, lakini mengine yote yalikuwa ndani ya bahasha ya kaki: ramani ambayo mzee aliichora mwenyewe kwa kalamu ya bluu, orodha ya nguo, hesabu za hela, hata namba ya viatu vya Ba. Halafu ikaja Juni. Tarehe 16 na 17 mvua kubwa ilinyesha kule juu, kingo za ziwa dogo la Chorabari, lililo juu ya hekalu, zikapasuka, na maji yakashuka na matope na mawe juu ya mji uliojaa mahujaji. Maelfu ya watu walifariki. Wengi hata miili haikuonekana. Kituo cha Rambara, ambako watu walikuwa wakipumzika njiani na kunywa chai, kilifutika kabisa. Hekalu lenyewe likabaki limesimama. Jiwe kubwa lilikuja na mafuriko likakwama nyuma yake, maji yakagawanyika yakapita pembeni, kushoto na kulia. Leo jiwe hilo lina jina, Bhim Shila, na mahujaji wanaliinamia.

Baba mkwe akasema, tungoje kidogo hali itulie. Wakangoja. Ikaja biashara, ikaja harusi ya shemeji yangu, ikaja yetu, halafu mwaka 2022 mzee akatangulia. Bahasha ikabaki kabatini chini ya sari. Diwali iliyopita Ba akaitoa, akaiweka mezani katikati ya vikombe vya chai, akasema, "Mimi nataka kwenda. Na nataka kwenda kwa miguu."

Mume wangu akacheka. Alidhani ni utani. Mimi niliona vile Ba alivyoilaza mikono yake juu ya ile bahasha, nikajua hapa hakuna utani.

Basi ndani ya wiki moja kila mtu akawa mtaalamu. Shemeji, anayeishi Leicester, akapiga simu ya video: mama apande helikopta, atalipa yeye, mjadala umefungwa. Na helikopta zipo kweli. Zinaruka kutoka Guptkashi, Phata na Sersi, na toka mwaka 2023 tiketi zake zinauzwa kwenye tovuti ya IRCTC, hao hao wanaouza tiketi za treni za India. Kutoka Phata ni safari ya chini ya dakika kumi. Unaondoka kwenye joto la bondeni, kufumba na kufumbua uko kwenye theluji.

Mimi nililikataa hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ajali. Oktoba 2022 helikopta moja ilianguka karibu na Kedarnath, watu saba wakafa. Tarehe 15 Juni 2025 nyingine iliyokuwa ikitoka hekaluni ilianguka karibu na Gaurikund, watu saba tena, na mtoto mdogo akiwemo. Mabonde yale ni membamba, ukungu unashuka ghafla, na rubani anarusha kwa kutegemea macho. Sababu ya pili ni mwili. Kwenye urefu ule, kila pumzi inakupa kama theluthi moja pungufu ya oksijeni uliyoizoea pwani, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Helikopta haikupi siku, inakupa dakika. Ba yeye alikuwa na sababu yake ya tatu, na nakiri ndiyo iliyotunyamazisha wote.

Hadithi tuliyokua nayo inasema ndugu watano, Wapandava, walishinda vita ya Kurukshetra kwa kuua ndugu zao wenyewe. Wakaenda kumtafuta Shiva awasamehe. Shiva hakutaka kuwaona, akajigeuza ng'ombe dume akajificha milimani. Bhima akamtambua, akamrukia amkamate, naye akazama ardhini, ikabaki nundu tu. Nundu hiyo ndiyo jiwe linaloabudiwa ndani ya hekalu la Kedarnath mpaka leo. "Wale walimtafuta kwa miguu mpaka wakachoka," Ba akamwambia shemeji kwenye simu. "Mimi nikienda kwa dakika nane, nitamwambia nilimtafuta wapi?"

Kuna nyumbu na farasi wadogo wa kukodi, lakini kupanda juu yao Ba hataki, anasema mnyama hajamkosea kitu. Kuna kiti cha kubebwa na watu wanne, kinaitwa doli. Mume wangu alipokitaja Ba alimwangalia juu mpaka chini. "Sijafa bado nibebwe na watu wanne."

Mume wangu akajaribu mlango wa mwisho. Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha mradi wa magari ya kuning'inia kwenye waya, kama yale yaliyozungumzwa kuwekwa Kilimanjaro mwaka 2019. Kilomita 12.9 kutoka Sonprayag mpaka hekaluni, dakika 36 tu badala ya kutwa nzima. "Ba, tusubiri hiyo." Ba akamuuliza inakwisha lini. Akataja miaka. Ba akacheka mpaka akatoa machozi. Unajua, ukifika umri fulani neno "tusubiri" linakuwa na maana nyingine kabisa, hasa kwa mtu aliyesubiri mara moja akabaki peke yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kati yangu na mwenzangu. Yeye aliona mimi namuunga mkono Ba ili nionekane mkwe mzuri. Mimi niliona yeye anajificha nyuma ya daktari. Tukawa tunaongea mambo ya luku na mafuta ya gari tu. Wiki mbili nzima. Ukishafika mahali mnamwambia mtoto wa jirani "mwambie uncle chakula tayari", jua nyumba inanuka moshi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Tunakula, Ba akasema kwa sauti ile ile anayoombea chumvi, "Nikifia kule juu, msihangaike kunirudisha Dar. Nichomeni huko huko, majivu mtie mtoni." Kwetu kufia mahali patakatifu si balaa, wapo wazee wanaoliomba hilo. Kwa Ba ilikuwa ni kipengele tu cha mipango, kama viza. Mume wangu akaacha sahani, akachukua funguo, akaondoka. Nilijua atakuwa Coco Beach, anakodolea bahari macho. Amekuwa hivyo tangu tunachumbiana.

Alirudi saa nne usiku. Tukakaa kibarazani, taa tumezima kwa ajili ya mbu. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia tangu msiba. Kwetu mtoto wa kiume ndiye anayewasha moto wa mzazi wake. Shemeji alichelewa ndege, kwa hiyo aliyemwashia mzee alikuwa yeye. "Mimi nilimwasha baba kwa mkono huu," akasema. "Sitaki kumwasha mama kwenye nchi ya watu, juu ya mlima, nimevaa sweta la kukodi."

Sikuwa na jibu la hapo hapo. Kuna wakati mke anatakiwa kukaa tu. Nilipoongea nilimwambia ninavyoona mimi: Ba hajatuomba ruhusa. Mwanamke yule amelea watoto watatu, ameendesha duka Kariakoo miaka ishirini, hahitaji ruhusa ya kwenda kwenye mahekalu yake. Ametuomba tumsindikize. Ni ombi tofauti kabisa. Na tukisema hapana haimaanishi ataacha, atatafuta kundi la wazee wenzake na kupanda bila sisi.

Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Basi tupange vizuri." Wasomaji wangu wenye ndoa mtanielewa nikisema kwamba sentensi hiyo ilinipendeza kuliko maua yote aliyowahi kuniletea, ambayo si mengi.

Tukaanza na daktari. Akampima Ba damu na umeme wa moyo, akambadilishia dawa moja ya presha, akatueleza bila kupaka sukari. Mwaka 2022 peke yake mahujaji zaidi ya 100 walifariki kwenye mahekalu manne ya milima ile, wengi kwa matatizo ya moyo. Wengi hufika kwa haraka, huanza kupanda siku hiyo hiyo, na wanapoumwa kichwa na kichefuchefu wanasema Mungu atasaidia, wanaendelea. "Kichwa kikizidi, mnashuka," daktari akasema. "Hamkai kuomba, mnashuka." Hakutupa cheti cha kwamba kila kitu kitakuwa sawa, maana hakuna cheti cha hivyo. Alisema presha ikikaa chini ya udhibiti kwa miezi mitatu na Ba akifanya mazoezi, hataweka pingamizi.

Mazoezi yakawa ngazi za jengo letu Upanga. Ghorofa nne, asubuhi na jioni, Ba na rozari yake, akihesabu shanga badala ya ngazi. Mlinzi akawa anamsalimia, "Shikamoo mama, leo mara ngapi?"

Halafu tukaenda Marangu. Hili lilikuwa wazo la mume wangu, na nampa maksi zote. Tulilala pale chini siku mbili, ya tatu tukapanda kwenda Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Kijana aliyetuongoza akamwambia, "Shikamoo bibi, twende pole pole." Ba akaitika, "Marahaba. Lakini usiniite bibi mpaka tufike." Watu wengi hufika kwa saa tatu hivi, sisi ilituchukua tano. Kila baada ya nusu saa tulikaa. Ba alikuwa na thepla kwenye mfuko, akamgawia kila aliyepita, mpaka Wajerumani. Kule juu tukampima presha kwa kile kimashine cha mkononi: ilikuwa sawasawa. Kilichomshinda ni kushuka. Magoti yalimuuma siku mbili, na usiku nilimchua kwa mafuta ya ufuta huku akiniambia, "Beta, mwambie mumeo magoti hayaumi." Sikumwambia. Alikuwa mlangoni anasikia mwenyewe.

Kutoka hapo tukaandika makubaliano. Kwenye karatasi, kweli kweli, ipo kwenye ile bahasha. Tutapanda kwa siku mbili, siyo moja, tukilala njiani. Yeyote kati yetu watatu akisema turudi, tunarudi wote, hata kama hekalu linaonekana kwa macho. Ba aliisoma hiyo mara mbili kabla ya kusaini. Halafu akaongeza lake kwa mkono wake, kwa Kigujarati: kupanda ni kwa miguu yangu, kushuka mtajua wenyewe. Kwa hiyo kushuka tutamkodia farasi, na yule mnyama asiyemkosea kitu itabidi avumilie. Shemeji naye tumempa nafasi ya kulipia vyumba vya kulala. Alinung'unika, lakini alilipa.

Sasa mambo ya tarehe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kedarnath si hekalu la kwenda siku bosi anapokupa likizo. Linafunguliwa mwezi wa nne au wa tano, tarehe hutangazwa siku ya Maha Shivaratri kwenye mji wa Ukhimath, na linafungwa siku mbili baada ya Diwali. Miezi sita iliyobaki theluji inatawala, na sanamu ya ibada inashushwa kwa msafara kwenda Ukhimath kupisha baridi. Mei na Juni kuna watu kama siku ya mechi ya Simba na Yanga. Mwaka 2023 walipita mahujaji zaidi ya milioni 1.9 kwa msimu mmoja. Julai na Agosti ni mvua, na mvua za kule ulishasikia zinavyofanya. Tarehe 31 Julai 2024 ziliikata njia tena, maelfu ya waliokwama wakaokolewa. Sisi tumechagua mwanzo wa Oktoba: mvua imekata, barafu haijaanza kushika njia, anga safi.

Kujiandikisha kwenye mtandao wa serikali ya jimbo ni lazima, bila hivyo hupiti. Viza tunaombea mtandaoni. Chanjo ya homa ya manjano tumeshachoma, na kadi za njano ziko ndani ya bahasha pia. Tutaruka mpaka Mumbai, halafu Delhi, halafu Haridwar kwa gari. Kutoka Rishikesh barabara inafuata mto mpaka unachoka kuutazama. Pale Devprayag mito ya Bhagirathi na Alaknanda inakutana na kuanzia hapo ndiyo inaitwa Ganga. Tutalala Guptkashi siku mbili tusifanye lolote, tupumue tu. Mume wangu anaona ni kupoteza siku. Daktari anaona ndizo siku muhimu kuliko zote, na kwenye hili daktari ameshinda. Gari binafsi huishia Sonprayag, kutoka hapo ni jipu za abiria mpaka Gaurikund, kilomita tano.

Mimi nami sikukosa langu kwenye ratiba. Juu ya Sonprayag kuna kijiji cha Triyuginarayan, na hekalu lake ndipo tunapoamini Shiva alimuoa Parvati. Mbele ya hekalu kuna moto ambao inasemekana haujazimika tangu harusi ile. Wanandoa wanaongeza kuni, wanachukua majivu kidogo wakaweke nyumbani. Harusi yetu ilikuwa 2020, mwaka wa barakoa, ukumbi nusu tupu, shemeji kwenye simu, pandit akiharakisha. Sisi Wagujarati tunazunguka moto mara nne, na mzunguko wa tatu nilikuwa nawaza kama gesi ya wapishi inatosha. Sasa nataka kusimama mbele ya moto bila kuwaza mapishi. Nilipomwambia mume wangu hakusema kitu, ila jioni nikakuta ameongeza kwenye ratiba, kwa kalamu ya bluu: "Triyuginarayan, nusu siku, sisi wawili."

Hela imetoka wapi? Ya kiwanja cha Kigamboni. Msingi umesogezwa mwaka mmoja. Fundi amekasirika kuliko sisi.

Kuna rafiki yangu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, je mkifika katikati Ba akashindwa, hamtakuwa mmepoteza hela yote hiyo? Nikamwambia hilo tumeliongea, tena mbele ya Ba mwenyewe. Ba anasema kama ataishia njiani basi ataweka picha ya mzee juu ya jiwe, ainame kuelekea juu, anywe chai, arudi. Lakini anasema hivyo huku akiendelea na ngazi.

Juzi nilimpeleka Kariakoo kutafuta viatu vya kupandia mlima. Mzee alikuwa ameandika namba 5, ila miguu imevimba kidogo na umri, tukachukua 6. Ba anavivaa ndani ya nyumba ili vilainike, sari juu, mabuti chini, anakaanga vitumbua. Jana usiku mume wangu alitoka chumbani kwenda kunywa maji, akachelewa kurudi. Nikatoka kumwangalia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni jikoni, anamfunga Ba kamba upya, anamwonyesha namna ya kuzikaza kwenye kifundo ili kidole kisigonge mbele wakati wa kushuka, na Ba anamwambia asikaze sana, damu itapita wapi.